Nilidanganya kompyuta ya hospitali kule Timau, halafu nikaamini jibu lake

Wakuu, salamu kutoka Nyeri. Leo mvua imetufungia ndani na mama watoto ameenda kwenye chama chao cha akina mama, kwa hivyo nimepata nafasi ya kuandika bila mtu kunichungulia simu.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu. Hiki ninachoandika kilinitokea mimi mwenyewe, na kwa vile kinaniaibisha mimi, sioni faida ya kukiongezea chumvi. Majina nimebadilisha.

Juzi vijana mlikuwa mnabishana hapa kama kompyuta inafaa kumshauri mgonjwa na daktari. Mmoja akasema zitaua watu. Mwingine akasema zitaokoa watu. Nilinyamaza, kwa sababu mimi niliwahi kukaa mbele ya moja, na kati yangu na ile mashine, mwongo nilikuwa mimi.

Basi twende pole pole.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu. Nilifika Form Four, nikawa karani wa stoo katika kiwanda cha mbao hadi nikastaafu. Kanisani mimi ni mzee wa kanisa. Nayasema haya ili mjue sikushindwa na kusoma maswali. Kilichonishinda ni kingine.

Shida ilianza taratibu, kama paa linalovuja. Kwanza mkojo ukawa unakuja kwa kusitasita. Halafu ukawa mwembamba. Halafu nikawa naamka usiku, narudi kulala, naamka tena. Ukimaliza unahisi hujamaliza.

Mke wangu, tumwite Nyawira, aliona mapema.

"Baba Muriuki, choo imekuwa ofisi? Si ulistaafu?"

Nikamwambia ni baridi. Nyeri ina baridi, kwa hivyo haukuwa uongo mtupu.

Aliniambia niende hospitali. Nikakataa kwa miaka. Sababu yangu ilikuwa hii: Nyeri nzima inanijua. Yule wa kuandikisha wagonjwa anaimba kwaya yetu. Wa dawa ni mtoto wa jirani. Daktari mmojawapo alifundishwa kipaimara na mimi. Sasa nitamwambia nini, kwamba mwalimu wake wa amri kumi analowesha suruali?

Vijana mtacheka. Ngojeni mfike.

Jumapili moja baada ya ibada, binamu yangu Gathogo akatupa habari. Kule Timau kuna kituo kidogo cha afya ambacho kimeletewa tablet kwa ajili ya wazee wa kiume.

"Si ya kumeza," akasema. "Ni ya kubonyeza. Inakuuliza maswali, unajibu, halafu inakuonyesha kwa picha ugonjwa wako na inamwambia daktari akufanyie nini."

"Na ikishajua, inamwambia nani mwingine?" nikauliza.

"Hiyo ni kompyuta, wewe. Iko na mdomo?"

Hapo ndipo aliponiuzia. Kwa miaka nilikuwa nimetafuta daktari asiye na mdomo.

Kulikuwa na kasoro moja. Timau ndiko kwao na Kendi, msichana ambaye kijana wangu Muriuki alitaka kumwoa. Tulikuwa tumeshaenda kujitambulisha, na siku ya ruracio, yaani ya kujadili mahari, ilikuwa imepangwa. Mama yake Kendi ni mjane, na ni nurse. Lakini alikuwa anafanya kazi Meru mjini, akija nyumbani wikendi tu. Kwa hivyo nilichagua siku ya katikati ya wiki. Nilipanga kama mwizi.

Kwa wale ambao si wa upande huu wa mlima niwaeleze. Mama wa msichana anayeolewa na kijana wako ni mkwe, na mkwe ni heshima. Mnasalimiana, mnaulizana habari za mvua na mifugo, basi. Hata kukaa naye kwenye kochi moja unafikiria kwanza. Mambo ya chini ya mshipi hayatajwi. Hapo kuna ukuta, na ukuta huo umejengwa kabla hatujazaliwa.

Nikafika Timau asubuhi. Ni baridi ile ya kukuingia kwenye meno, upepo unatoka mlimani na kupita juu ya mashamba ya ngano bila kizuizi. Nikakaa kwenye benchi na wazee wengine. Nikaenda choo cha nyuma, nikarudi. Nikaenda tena, nikarudi.

Jina langu likaitwa. Nikaingia.

Ndani alikuwa amekaa Mama Kendi, na sare yake.

"Baba Muriuki!"

"Mama Kendi! Ati uko hapa?"

"Nilipata transfer. Sasa natembea tu kutoka nyumbani. Mungu ni mwema."

"Ni mwema kabisa," nikasema, ingawa kwa dakika hiyo sikuwa na hakika.

"Na umetoka Nyeri mpaka hapa? Kuna nini?"

"Nilikuja kuuliza bei ya ngano. Nikaona nipime presha nikipita."

Wakuu, sijawahi kununua wala kuuza ngano maishani.

Alinipima. Akasema iko juu kidogo. Nikamwambia ni mlima.

Halafu akatoa ile tablet. Akaeleza kwamba kila mwanaume wa umri wangu anayeingia pale anaulizwa maswali ya kibofu na tezi dume, hata kama amekuja kwa ajili ya jino.

"Inasaidia wewe uelewe mwili yako, na inanisaidia mimi kujua nikutume wapi," akasema. "Iko na Kiswahili, Kikuyu na Kimeru. Na unaweza kubonyeza mwenyewe, Baba Muriuki. Mimi naweza kutoka nje kidogo."

Nataka msome tena hilo la mwisho. Alisema anaweza kutoka nje. Mlango ulifunguliwa, na aliyeufungua ni yeye.

Miwani yangu ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Lakini akili yangu ilifanya hesabu yake: nikimwambia atoke, atajua kuna kitu nataka kuficha. Mtu asiye na shida hatoi mtu nje.

Nikamwambia, "Soma tu, mama. Mimi sina siri."

Akasoma. Alisoma akiangalia kioo cha tablet, na mimi nikajibu nikiangalia bango la chanjo ya watoto ukutani.

"Mwezi huu, umekuwa ukihisi kibofu haijaisha baada ya kukojoa?"

"Hapana."

"Mkojo inakatika katikati, halafu inaanza tena?"

"Hapana."

"Unasukuma ndio itoke?"

"Nisukume kwa nini?"

"Usiku unaamka kwenda choo?"

"Siamki. Nalala kama gogo."

Aliinua macho kidogo. "Kabisa?"

"Sisi watu wa Nyeri tunalala, Mama Kendi."

Swali la mwisho lilikuwa: kama ungeishi maisha yako yote yaliyobaki ukiwa na hali hii ya mkojo uliyonayo sasa, ungejisikiaje? Kulikuwa na majibu mengi, kutoka kufurahi hadi kuhuzunika sana.

Nikasema, "Andika nimefurahi."

Wakati huo kibofu kilikuwa kinanivuta kama mbuzi aliyeona majani.

Kioo kikawa kijani. Kukatokea picha ya uso unaocheka na maneno kwamba dalili zangu ni chache, sihitaji matibabu kwa sasa, nirudi baada ya mwaka au mapema hali ikibadilika.

Mama Kendi hakufurahi kama ule uso. Alikaa akichezea kalamu.

"Baba Muriuki, hii kompyuta haijui kitu. Inajua tu yale umeiambia."

"Naelewa."

"Sasa hata kama ni kijani, wacha nitoe damu kidogo, tuangalie figo. Ni kitu ya dakika."

"Si imesema sihitaji?"

"Imesema hivyo."

"Basi tusiharibu sindano ya serikali."

Akanichapia ile karatasi ya kijani, tukaagana kwa heshima, tukaulizana tena habari za mvua. Nilipotoka nilikwenda moja kwa moja kule nyuma.

Nyumbani nilimpa Nyawira ile karatasi kama mtoto anayeleta ripoti ya shule. Aliisoma yote. Akaigeuza akaangalia na nyuma.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Jina langu si liko hapo juu?"

"Jina ni lako. Ugonjwa ni wa mtu mwingine."

Nikaiweka ndani ya Biblia.

Sasa, wakuu, hapa ndipo penye jambo ambalo hadi leo silielewi vizuri, na mimi ndiye niliyelifanya. Nilijua nimedanganya. Nilijua kila jibu lilikuwa la uongo. Lakini ile karatasi ilikuwa safi, imechapwa, ina rangi. Baada ya siku chache nikaanza kuiamini. Nikiamka usiku nasimama pale nikingoja, najiambia: dalili ni chache. Kompyuta imesema. Uongo ulitoka kwangu ukiwa uchi, ukarudi umevaa koti la daktari, na mimi nikausalimia kwa heshima.

Hata Gathogo nilimwambia nimepimwa na mashine na niko sawa. Akasema, "Nilikuambia hiyo kitu ni kali."

Siku ya ruracio ikafika.

Nilikuwa na mafua. Asubuhi nikanunua vidonge vya mafua kwa chemist, vile vya kukausha pua, nikameza. Hakuna aliyeniambia kwamba vidonge vya aina ile vinaweza kumfunga mkojo mzee mwenye tezi iliyovimba. Pengine ile tablet ingeniambia. Nilikuja kuona baadaye kwamba ina ukurasa mzima wa onyo kuhusu dawa za mafua, lakini unatokea tu kwa mtu aliyesema ana dalili. Mimi ilikuwa imenichekea ikanifungia mlango.

Tulifika Timau na wazee wetu, na Nyawira na akina mama wake na vikapu. Tukazuiliwa getini kwa nyimbo kama ilivyo desturi. Tukaingia, tukapewa uji. Halafu supu. Halafu chai kwa sababu ya baridi. Halafu soda kwa sababu ya adabu. Halafu muratina, ile pombe yetu ya asali, kwa sababu ya shughuli. Huwezi kukataa kitu nyumbani kwa mkwe, inasomeka vibaya.

Gathogo ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Upande wao aliongea mjomba wa Kendi, mzee mmoja mrefu, mpole, mgumu kama gogo la mti wa mukarara. Mimi kama baba wa kijana nikakaa karibu na Gathogo. Kazi yangu ilikuwa kutingisha kichwa kwa wakati unaofaa.

Mazungumzo yalipoanza kuhusu mbuzi, nikahisi haja. Nikaomba ruhusa, nikaenda. Nikasimama. Hakikutoka kitu.

Nikarudi. Nikakaa. Haja ikazidi. Nikatoka tena. Nikasimama, nikasukuma, nikaomba. Hakuna.

Nikarudi.

Sasa mnajua desturi ya ruracio. Upande mmoja ukitaka kushauriana, unatoka nje, unarudi na neno. Mjomba wa Kendi akaniona natoka na kurudi na uso mzito, bila kusema kitu, akadhani nakwenda kushauriana na watu walio nje na wamekataa. Akapunguza mbuzi.

Nikatoka tena. Nikarudi nikiwa na jasho usoni, kwenye baridi ile. Akapunguza tena.

Gathogo akaniinamia sikioni. "Wewe, usiache! Toka mara nyingine, tumalize hii kitu!"

"Gathogo, nakufa."

"Kufa baadaye. Wanaingia kwa ng'ombe."

Sikuweza kutoka mara nyingine. Tumbo la chini lilikuwa limekuwa gumu kama jiwe la kusagia. Nilijaribu kusimama, nikarudi kwenye kiti kwa kishindo. Mjomba wa Kendi akasema kwa upole kwamba kama mzee wa Nyeri ameumia kiasi hicho, wanaweza kuongea zaidi.

Nyawira alikuwa amesimama mlangoni akaniona uso. Aligeuka akaenda jikoni moja kwa moja kwa Mama Kendi. Sikusikia alichomwambia, lakini naamini kilikuwa kifupi.

Mama Kendi akaingia sebuleni na aproni yake. Akanigusa tumbo mara moja juu ya koti, mbele ya wazee wote. Akawaambia, "Ni presha. Imepanda. Tunampeleka kituoni, nyinyi kaeni, kuleni."

Nikapakiwa kwenye pickup. Kila shimo la barabara nililihesabu kwa meno. Muriuki ndiye aliyeendesha. Siku yake ilikuwa imeharibika na hakujua kwa nini.

Kituo kilikuwa na mlinzi tu na paka. Mama Kendi akafungua chumba, akanawa mikono, akatoa mpira wa mkojo kwenye pakiti. Muriuki na mama yake wakabaki nje.

Nikamwambia, "Mama Kendi, tafadhali. Hakuna mwanaume wa kufanya hii kazi?"

"Yuko. Yuko Meru. Tungoje?"

Nikavua kofia.

"Baba Muriuki, nisikize. Kwa nyumba yangu mimi ni mkwe. Hapa mimi ni nurse na wewe ni mgonjwa. Ukitoka kwa hiyo mlango tutarudi kuwa wakwe. Sawa?"

Nikasema sawa. Nikafunika uso na kofia yangu.

Yaliyofuata sitayaeleza. Nitasema tu kwamba mkojo ulipotoka nililia, na sikulia kwa uchungu. Ulitoka, ukatoka, ukatoka. Alibadilisha chombo. Akangoja hadi ulipokwisha.

Halafu akaniambia, bado nikiwa na kofia usoni, "Ile siku nilijua."

"Ulijua nini?"

"Dirisha yangu inaangalia ile choo ya nyuma. Mtu wa kulala kama gogo haendi vile akingoja presha."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Paka akalia nje.

Halafu Mama Kendi akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Mzee mwingine ningemkatalia kutoka. Ningemwambia wewe ni mwongo, leta mkono nitoe damu. Lakini wewe unakuja kwangu na mbuzi. Niliona aibu. Nimekaa nikiomba isikuwe kitu. Hiyo ni makosa yangu, nimeibeba."

Nikamwambia hilo kosa alitue, ni langu. Nasema hivyo hata leo. Yeye alinipa tablet, akanipa nafasi ya kuwa peke yangu, akanipa sindano. Nilikataa vyote vitatu kwa adabu.

Nilipelekwa hospitali ya Nyeri mpira ukiwa bado ndani, wakapima damu. Figo zilikuwa zimechoka. Daktari akanieleza kwamba mkojo ukikosa njia unarudi nyuma, na kwamba jambo hili halikuanza siku ya ruracio, lilikuwa likiendelea kwa miaka nikisema ni baridi. Nilimuuliza kama ningetoa damu ile siku ya Timau ingesaidia. Akaniambia hawezi kujua. "Labda," akasema. Hilo neno ndilo nalala nalo.

Daktari mwenyewe alikuwa ni yule wa kipaimara. Alifungua kompyuta yake. Kumbe mfumo ni uleule, na majibu yangu ya Timau yalikuwa pale. Akayatazama, akanitazama mimi na mfuko wa mkojo mguuni.

"Mwalimu," akasema, "hapa inasema ulikuwa umefurahi."

"Nilikuwa mbele ya mkwe."

Alitingisha kichwa taratibu. Ni kijana wa huku, hakuhitaji maelezo. Akanipa ile tablet na earphones, akasema anakwenda kunywa chai, na chai yake huwa ndefu.

Nikavaa miwani. Nyawira akachukua earphone moja akaweka sikioni mwake, mimi nyingine. Ikatuuliza kwa Kikuyu, sauti ya mama mmoja mtulivu. Safari hii nilijibu kweli. Haikuwa rahisi, nilikuwa nikimtazama Nyawira kila swali, na kila nilipotaka kupunguza alinifinya paja.

Kioo kikawa chekundu. Niwaambie, nilijisikia vizuri kuliko ile siku ya kijani.

Halafu ikatuonyesha njia zilizopo. Dawa peke yake, kwangu mimi, ingekuwa kubahatisha. Kukaa na mpira, na ubaya wake. Kukwanguliwa tezi kwa operesheni, na ubaya wake pia. Na hapa nawapa sifa waliotengeneza kitu hiki. Walichora wanaume mia, wadogo wadogo, wamesimama kwa safu kama wanafunzi kwenye paredi. Ukibonyeza operesheni, wengi wanageuka rangi moja, hao wamepona. Wachache rangi nyingine, hao wanavuja. Wengine rangi nyingine, hao mambo ya ndoa yamebadilika kidogo.

Nilikaa nikiwaangalia wale wanaume. Hakuna daktari angenieleza nikaelewa hivyo, kwa sababu nisingemuuliza. Nilikuwa nadhani ugonjwa huu ni wangu peke yangu. Kumbe tuko mia, na tumejipanga.

Mwisho ikauliza ni kitu gani muhimu kwangu zaidi, niweke alama kwa kila kimoja, kutoka kidogo hadi sana. Kulala usiku. Kuepuka kisu. Kutovaa mpira. Nikaweka. Ikafika mambo ya ndoa, nikasita na kidole hewani.

Nyawira akasema bila kugeuka, "Hapo bonyeza katikati. Usijisifu, na usinikatie tamaa."

Nikabonyeza katikati.

Daktari aliporudi na chai yake alisoma yale tuliyoweka, akauliza maswali machache, tukakubaliana operesheni. Haikuwa kompyuta iliyoamua. Ilituweka tu sisi watatu mbele ya ukweli mmoja kwa mara ya kwanza.

Ilifanyika, nikapona upande huo. Figo hazikurudi zote. Nina kliniki yangu, nina vyakula nilivyokatazwa, na kila nikienda kupima damu namkumbuka mtu aliyeokoa sindano ya serikali.

Ruracio ilikaa miezi bila kumalizika, maana baba wa kijana akiwa mgonjwa hakuna wa kuketi mahali pake. Muriuki alinikasirikia, na alikuwa na haki. Aliniambia, "Baba, ungesema tu."

Nilipopata nguvu tulirudi Timau. Gathogo akiwa na matumaini makubwa, akaniomba nitoke nje mara kadhaa kama zamani. Nilikataa. Nikamwambia mjomba wa Kendi mbele ya wote kwamba wale mbuzi waliopungua siku ile warudishwe kwenye hesabu, kwa sababu sikuwa nikishauriana na mtu. Gathogo hajanisamehe.

Kabla ya kuanza, mjomba alimgeukia dada yake kama inavyotakiwa, akamuuliza kwa sauti ya shughuli, "Mama, hawa wageni wa Nyeri, unawajua?"

Mama Kendi alinitazama, mimi nikatazama kofia yangu magotini.

"Nawajua," akasema. "Ni watu ya ukweli. Siku hizi."

Wazee walidhani anasifu tu. Nyawira alitoka nje akidai amepaliwa na uji.

Hadi leo Mama Kendi hajamwambia mtu. Kwa wote waliokuwa pale, nilikuwa na presha.

Funzo langu si refu. Hizi mashine ni nzuri, lakini ni kama mzani wa kupimia kahawa, ukiweka mawe chini ya gunia utakusomea uzito wa mawe. Ukiambiwa unaweza kubonyeza mwenyewe, bonyeza. Ukiambiwa toa damu, toa. Na nyinyi mnaozitengeneza, na wauguzi mnaozishika, mkiona mzee amefurahi mno, mtoeni mkwe chumbani kwanza, halafu mwulizeni upya.

Na vijana wenye wazazi huko mashambani, msiwapigie simu kuuliza "mko aje?" Watasema wako sawa. Waulizeni mama zenu ni nani anaamka usiku.

Nimemaliza. Kama kuna mzee mwenzangu humu ameficha kitu, au nurse aliyewahi kudanganywa na mkwe wake, aandike hapa chini, hakuna atakayemcheka kunizidi mimi. Maswali nitajibu yote, lakini iwe asubuhi. Usiku siku hizi nalala.